Mkopo Unaofuata Sauti ya Serikali

Oktoba 2010, Baraza la Serikali la China lilitangaza sekta saba za kimkakati, nishati mpya ikiwemo. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya China, mali ya serikali, iliahidi mikopo ya mabilioni ya dola kwa watengenezaji wa paneli za jua wakiwemo Suntech, Trina na Yingli. Benki nyingine zikafuata. Afisa mikopo akishaona sekta imo kwenye mpango wa taifa, na meya yuko nyuma ya kiwanda, haja ya kuuliza paneli zitauzwa kwa nani hupungua.

Matokeo yalionekana Xinyu, mkoani Jiangxi. Kampuni ya nishati ya jua ya LDK ilipolemewa na madeni mwaka 2012, mji uliidhinisha malipo ya mkopo wake wa yuan milioni 500 yaingizwe kwenye bajeti ya umma. Machi 2013, Suntech nayo ikashindwa kulipa hati fungani za dola milioni 541.

Mikopo hiyohiyo ilisaidia kushusha bei ya paneli, na mapaa mengi ya Afrika Mashariki yamefaidika. Kwa hiyo hatuilaumu sera yenyewe. Tunalaumu benki kuacha kupima. Serikali zetu zikitaka viwanda vya paneli, zitoe dhamana yenye kikomo na tarehe ya mwisho, na sehemu ya hasara ibaki kwa benki, ili hesabu za mkopaji zisomwe kabla fedha hazijatoka.