Dinari Mbili za Msamaria katika Barabara ya Uyole hadi Kasumulu

Barabara itokayo Uyole, ikapita Isongole na Kiwira, ikafika Tukuyu na kuteremka hadi mpakani Kasumulu, ni mshipa wa uhai wa wilaya yetu ya Rungwe. Hupitisha ndizi, viazi, chai na maziwa yetu. Hupitisha wanafunzi, wagonjwa na wachuuzi. Tena hupitisha malori ya mafuta yaendayo Malawi. Ni barabara ya mlimani, yenye kona na miteremko, na kwa miezi mingi hufunikwa na mvua na ukungu. Akaaye kando yake amekwisha kuzoea habari za ajali, nami nachelea kwamba tumezoea pia jambo la pili lililo baya zaidi: kwamba majeruhi, katika saa ile ya kwanza, hana mwenyewe. Hakuna aliyetajwa waziwazi kuwa ndiye mwenye wajibu wa kumhudumia hapo alipolala, wala hakuna mfuko uliotajwa kuwa ndio utakaolipa.

Kwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, vikosi vya zimamoto vilivyokuwa vikiendeshwa na halmashauri za miji viliunganishwa kuwa jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jina lenyewe latangaza kazi mbili. Ukiacha masoko na mabweni ya shule, kazi ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Rungwe, kwa kuwa nyumba zetu nyingi zimetawanyika katikati ya migomba, ilhali gari kupinduka mteremkoni ni habari ya kila msimu.

Lakini uokoaji huo unaishia wapi? Askari akikata mabati ya gari na kumtoa abiria, je, kazi imekwisha? Mtu ambaye mshipa mkubwa wa damu umekatika pajani aweza kufa kwa dakika chache tu, akiwa amekwisha kutolewa, amelazwa majanini, watu wamemzunguka. Na hapo ndipo ofisi zinapogawanyika. Polisi na zimamoto wako chini ya Mambo ya Ndani. Hospitali ya wilaya ya Makandana pamoja na gari lake la wagonjwa iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Miongozo ya tiba hutoka Wizara ya Afya. Hata namba za simu zimegawanyika: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 115 ya usafiri wa wagonjwa. Mama mwenye genge pale Kiwira, aliyeona basi likipinduka mbele ya macho yake, atakiwa kwanza kuchagua wizara!

Basi mahali pa ofisi hizo hushikwa na majirani. Vijana wa bodaboda huacha abiria wao, kina mama huvua vitenge, wanaume hung'oa mlango wa nyumba ukawa machela. Wanyakyusa wanalo neno lao, ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na majirani wema, na katika ajali neno hilo huonekana kwa matendo. Hata hivyo upendo usiofundishwa waweza kudhuru. Majeruhi aliyevunjika uti wa mgongo, akipakiwa mshikaki kwenye pikipiki, dereva mbele na mshikaji nyuma, aweza kupooza maisha yake yote kwa safari ya kilometa tano. Aliyeungua hupakwa vitu ambavyo havifai, ilhali alihitaji maji safi ya kupoza tu. Tena wapo ambao, baada ya kufikishwa, bado huambiwa watafute kwanza fomu ya PF3 polisi, ingawa viongozi wa serikali wamekwisha kutamka kwamba wa dharura atibiwe na karatasi ifuate.

Malori ya mafuta yanastahili neno la pekee. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Miaka kumi nyuma, Januari 2009, maafa ya namna hiyohiyo yaliwaua zaidi ya watu 100 pale Sachangwan nchini Kenya. Baada ya Morogoro wengi walisema kwamba marehemu walijitakia. Mimi siwezi kusema hivyo juu ya kijana aliyeona ndoo moja ya petroli kuwa mshahara wa juma zima. Nauliza swali jingine: kati ya kupinduka kwa lori na kulipuka kwa moto kulikuwa na muda. Katika muda huo, ni nani mwenye mafunzo na mamlaka aliyekuwa karibu vya kutosha kuwasogeza watu? Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni takribani kilometa 70. Askari wa zimamoto hata awe hodari namna gani hawezi kuzifuta kilometa hizo.

Mwaka 2022 tulipata somo jingine. Tarehe 6 Novemba ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. 19 walifariki na 24 waliokoka. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima kwa juhudi zake, kisha akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni jambo la heshima, na tulilifurahia. Lakini kumchukua mmoja kutoka ufukweni na kumvika sare hakujawa mpango kwa wale waliobaki ufukweni. Ajali ijayo itawakuta wavuvi walewale, kama ambavyo ijayo huku kwetu itawakuta vijana wa bodaboda walewale.

Wakristo tunaposikia habari hizi, mara humkumbuka Msamaria wa Injili ya Luka, sura ya 10. Twahubiri juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando, twahubiri juu ya mafuta na divai. Mwishoni mwa mfano kuna dinari mbili, na hizo huwa tunazipita haraka. Mtakatifu Augustino aliona ndani yake amri mbili za mapendo, na tafsiri hiyo ni nzuri. Nasi tusiisahau maana ya kawaida kabisa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni ujira wa siku mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Alijua kwamba huruma ya njiani, bila fedha ya kuiendeleza, ingemwacha majeruhi yule kuwa mzigo wa mtu mwingine asiye na hatia.

Dinari zetu ziko wapi? Wenye maduka, nyumba za wageni na vituo vya mafuta wanaifahamu tozo ya ukaguzi wa kinga ya moto. Kuzuia ni bora kuliko kuzima, sina ugomvi nayo. Ila tozo hiyo hulitazama jengo, haimtazami mtu aliyelala barabarani. Kila mwenye chombo cha moto hulazimishwa na sheria kukata bima, lakini bima hiyo hulipa fidia baada ya madai na hati nyingi. Asubuhi ya ajali hainunui hata bandeji. Kisha yako mafuta. Mwaka 2021 Bunge lilikubali nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Barabara, basi, imepewa sehemu yake katika kila lita. Aumiaye juu ya barabara amepewa ngapi?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Tuzitazame basi, bila kuziiga kipofu. Mji wa Seattle, Marekani, ulianza mwaka 1970 kuwatumia askari wa zimamoto waliofundishwa tiba ya dharura, kwa mapatano kati ya daktari wa moyo Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery. Vituo vya zimamoto vilikuwa vimekwisha kuwapo mitaani, na askari wake walikuwa macho usiku na mchana. Kwa nini wasubiri moto tu? Raia wa kawaida nao walifundishwa kwa maelfu jinsi ya kuusukuma moyo uliosimama. Ama fedha, tangu mwaka 1979 wakazi wa King County, ambamo Seattle imo, wamekuwa wakipiga kura kuikubali kodi ya mali yenye jina la kazi hiyo pekee. Mahali pengi pengine nchini humo mgonjwa hupelekewa ankara kubwa ya gari lililombeba, na hilo tusilitamani hata kidogo. La kujifunza ni kwamba kazi hiyo ilipewa fedha yenye jina lake.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022, umekwisha kuonyesha njia. Mjamzito aliyezidiwa, au mtoto mchanga, hupigiwa simu namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa kituoni. Hapo jirani ametambuliwa, amepewa kazi, na amelipwa mafuta yake. Sioni sababu ya haki inayotufanya tumlipe dereva amletaye mama mjamzito, lakini tusimlipe kijana aliyemleta Makandana au Igogwe mtu aliyegongwa na lori, akaishia kuosha damu kitini mwake kwa gharama yake mwenyewe.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yana kanuni iitwayo auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931: kilicho kikubwa kisiunyang'anye udogo kazi unayoiweza, bali kiusaidie kuifanya. Kwa kanuni hiyo hatuombi kituo cha zimamoto katika kila kijiji. Twaomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, likishirikiana na waganga wa hospitali zetu, liwafundishe watu kumi au ishirini katika kila kata ipitiwayo na barabara hii, madereva wa bodaboda wakiwa wa kwanza: kuzuia damu, kumlaza mwenye shingo iliyovunjika, kuwazuia watu wasilikaribie lori la mafuta. Wapewe machela, glavu na bandeji, vikae ofisi ya kata na ufunguo ujulikane uliko saa nane ya usiku. Dereva abebaye majeruhi alipwe kama alipwavyo wa m-mama. Na fedha itoke kwa watumiaji wa barabara wenyewe, shilingi moja katika kila lita na sehemu ndogo ya kila bima ya gari, iandikwe kwa jina lake katika sheria ya fedha, ili isipotelee katika matumizi mengine.

Sheria ya fedha hutungwa na Bunge, na mbunge anafikika. Bajeti ya halmashauri hujadiliwa kabla ya Julai, na diwani anafikika zaidi. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zilizo kando ya barabara, pamoja na ndugu zetu Wamoravian, Walutheri na Waislamu ambao majeruhi wao hulala katika majani yaleyale, waende mkutano wa kijiji na kuomba iandikwe katika muhtasari: kata yetu ina machela ngapi, ziko wapi, na ni nani aliyefundishwa kuzitumia.