DAMU YA IDETE ISIISHIE MAABARA

Kijana, ukiona neno "vinasaba" usikimbilie ukurasa wa michezo. Tulia kidogo. Jambo tunalolisema leo linahusu damu yako, chakula chako na mbu anayekuimbia sikioni usiku. Na linaamuliwa wakati wewe uko kijiweni unabishana Simba na Yanga.

Tuanzie Idete. Ni kijiji cha bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Wewe wa Manzese au Buguruni unaujua mchele wa Ifakara, lakini Idete hujawahi kuisikia. Majarida ya kitabibu ya Ulaya yanaijua. Miaka ya 1990, mtu wa Idete alikadiriwa kuumwa na mbu wenye malaria mara 300 hivi kwa mwaka. Karibu kila siku ya Mungu! Kwa hiyo wataalamu waliokuwa wanatafuta dawa ya malaria walipiga kambi hapo.

Mwaka 1993 watoto 586 wa Idete, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, waliingizwa katika majaribio ya chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Wengine walipewa chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo, kisha wakalinganishwa. Mwaka 1994 matokeo yakatangazwa: chanjo imepunguza malaria kwa asilimia 31. Dunia ikashangilia.

Shangwe hazikudumu. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga ya maana. Chanjo ikarudishwa Kilombero, safari hii kwa watoto wachanga 1,207. Jibu la mwaka 1999 lilikuwa asilimia 2. Maana yake ni kwamba haikufaa kitu.

Hatusemi kulikuwa na utapeli. Hivyo ndivyo sayansi ya kweli inavyokwenda: unapima, unapima tena, na ukishindwa unasema umeshindwa. Laiti wanasiasa wetu nao wangekuwa hivyo! Tunachosema ni kwamba tangazo la kwanza lisimlevye mtu.

Kimelea cha malaria si adui mwenye sare moja. Wataalamu wa Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi, walisoma vinasaba vya vimelea vilivyotoka katika damu ya watoto wa Idete. Wakakuta mtoto mmoja anaweza kubeba koo kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja, kila ukoo na vinasaba vyake. Ni kama genge la vibaka: ukikariri sura ya mmoja, wenzake wanapita mbele yako.

Vinasaba ndivyo vilivyoua klorokwini. Vimelea vilivyobadilika vikaizoea, na mwaka 2001 serikali ikaiacha na kutumia SP. Nayo SP ikazoeleka. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza dawa ya mseto. Sasa na hiyo mseto imeanza kuguswa: mwaka 2024 watafiti walitoa taarifa ya vimelea mkoani Kagera vyenye badiliko la kinasaba linalovifanya vichelewe kufa.

Mbu naye hakulala. Mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulioanza mwaka 1997, ulipunguza vifo vya watoto waliovitumia kwa asilimia 27. Ni kazi ya kupigiwa makofi. Lakini mbu wa bondeni wakarithishana uwezo wa kuihimili dawa iliyomo kwenye chandarua.

Hata wewe msomaji umo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Akirithi viwili, kutoka kwa baba na kwa mama, anaugua selimundu yenyewe. Kwa hiyo malaria imekaa na babu zetu muda mrefu mpaka ikaandika jina lake ndani ya damu yetu. Kijana unayetaka kuoa, hilo peke yake linatosha kukupeleka kupima.

Sasa sikia jipya. Desemba 2025 Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na NIMR na chuo cha Imperial cha London, walitangaza katika jarida la Nature kwamba mbu waliobadilishwa vinasaba wametengenezwa hapa hapa nchini, katika maabara iliyofungwa kule Bagamoyo. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo ni Mtanzania, Dk. Dickson Lwetoijera. Mbu hao wamepewa vinasaba vya kutengeneza sumu mbili ndogo: moja asili yake ni chura, nyingine ni nyuki. Sumu hizo zinadumaza vimelea ndani ya mbu. Wakajaribiwa kwa vimelea vilivyotoka kwa watoto wa Kitanzania wenye malaria, na vikadumaa kweli.

Kwa kawaida mzazi humpa mtoto nusu tu ya vinasaba vyake. Teknolojia hii inaweza kupindua hesabu, karibu watoto wote wa mbu wakarithi, na wajukuu, na vitukuu. Kwa tahadhari, watafiti wameutenganisha mtambo huo vipande viwili, ili kimoja peke yake kisiweze kusambaa. Mbu hao hawajaachiwa nje.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Chanjo ikishindwa, unaacha kuchoma. Dawa ikishindwa, unaifuta kwenye orodha. Mbu wa namna hii akishatoka na kusambaa, utamwita nani arudi? Mbu hana pasipoti. Ukimwachia Kilombero, Malinyi haitaulizwa, wala Msumbiji.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa. Lakini huu si uji! Huu ni uamuzi wa vizazi, na mgonjwa lazima aulizwe.

Tusidanganyane, kuna kambi mbili na zote zinatupotosha. Ya kwanza ni ya vijiweni: "Wazungu wanaleta mbu wa kutuhasi." Huo ni uvumi, na uvumi haujawahi kumwokoa mtoto mwenye degedege. Kambi ya pili ni ya mezani: "Hayo ni ya kitaalamu, wananchi hawataelewa." Huo nao ni uongo. Watafiti wa Ifakara wenyewe waliwauliza wanavijiji wa kusini-mashariki mwa nchi, na wakachapisha majibu mwaka 2021. Watu wale waliwalinganisha mbu hao na mbegu za chotara na mifugo ya chotara. Nani kasema mkulima haelewi? Amekuwa akichagua mbegu ya mpunga tangu utoto wake!

Tuna mifano ya uamuzi wa kushtukiza. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwaka 2021 waziri wa kilimo akatangaza kuyafuta. Burkina Faso waliachia mbu dume wasiozaa mwaka 2019, na mwaka 2025 serikali ikasimamisha mradi mzima. Kuruhusu kwa sahihi na kufuta kwa sahihi, mwananchi akisikia redioni! Hatusemi maamuzi hayo yalikuwa mabaya. Tunasema mwananchi hawezi kuwa mtazamaji.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, bila kumung'unya maneno.

Moja, kabla mbu hata mmoja hajatoka Bagamoyo, pawe na mikutano ya hadhara vijijini, kwa Kiswahili, siyo semina za hotelini zenye bahasha za posho. Na neno "hapana" lihesabiwe kuwa jibu.

Mbili, Bunge lijadili jambo hili waziwazi, na ijulikane nani atalipa kukitokea madhara.

Tatu, kila aliyetoa damu, na kila kijana aliyekesha miguu wazi akiwakamata mbu kwa ajili ya utafiti, aelezwe damu ile na mbu wale walifundisha nini.

Nne, vijana wetu wasomeshwe sayansi hii, ili maabara za Bagamoyo na Ifakara zijae Watanzania wanaouliza maswali yao wenyewe.

Nchi hii imepiga hatua. Kati ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mwaka 2008, asilimia 18 walikutwa na malaria. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Hatutaki hatua hizo zirudi nyuma kwa woga wala kwa pupa. Huenda mbu wa Bagamoyo ndiye atakayetuvusha. Huenda akawa SPf66 nyingine. Atakayejua ni yule anayepima mara mbili na kusema kweli mara zote.

Watoto 586 wa Idete sasa ni watu wazima, wengi wana watoto wao. Walitoa mikono yao kabla hawajajua kuhesabu. Wewe unajua kuhesabu na kusoma. Basi uliza.