Hodi ya Mzee Wakati wa Masika

Mvua ianzapo kunyesha huku kwetu Tanga mwezi wa Machi, kila mtu hujua kazi yake. Baba hutafuta jembe, mama huchagua mbegu, na watoto hukimbilia kumbikumbi. Lakini liko jambo moja ambalo hupungua kadiri mvua inavyozidi, nalo ni hesabu ya watu wanaokuja katika sala za jumuiya. Juma hili nataka tuzungumze habari hiyo. Tutapita njia ya mbali kidogo: kwanza tutapiga hodi kwa jirani zetu Wapresbiteri, tuone wao hufanyaje, kisha tutarudi nyumbani.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Karani, hao Wapresbiteri ni akina nani? Sisi twawajua Waanglikana wa Magila na Walutheri wa Usambara." Ni swali jema, na yafaa lijibiwe.

Wapresbiteri ni Wakristo ambao Kanisa lao lilianzia Uskoti, katika karne ya 16. Hawana maaskofu. Huongozwa na wachungaji pamoja na mabaraza ya wazee. Hata jina lao latokana na neno la Kigiriki, presbuteros, maana yake mzee. Nanyi msistaajabu, maana neno hilo limo katika Agano Jipya, na Kanisa letu katika Kilatini humwita padre presbyter. Basi neno tunalo sisi na wao, ijapokuwa hatulielewi namna moja. Kwetu ni yule aliyepewa daraja takatifu. Kwao mzee wa kanisa aweza kuwa mkulima, mwalimu au fundi wa viatu, aliyechaguliwa na wenzake na kuwekwa kwa sala ili awatunze watu.

Wamisionari wao walifika Kibwezi, katika nchi ya Kenya, mwaka 1891. Homa iliwatesa sana, na baadhi yao walizikwa huko. Mwaka 1898 misheni ikahamia nchi ya Wakikuyu yenye baridi, mahali paitwapo Thogoto. Watu husema jina hilo ndivyo Wakikuyu walivyotamka neno la Kiingereza la Waskoti. Mwaka 1926 Waafrika wa kwanza wa misheni hiyo waliwekwa kuwa wachungaji, na siku hizi Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lina waumini hata hapa Tanzania.

Sasa tuje kwenye majira. Ninyi mwajua kwamba sikukuu ya Pasaka haina tarehe moja. Huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Kwa hiyo haiji kabla ya tarehe 22 Machi, wala haipiti tarehe 25 Aprili. Siku hizo huko Uskoti baridi kali imeanza kuondoka, miti iliyokuwa mitupu yatoa majani, na kondoo huzaa mashambani. Watu waliojifungia ndani miezi mingi hutoka nje na kutembeleana. Kwao ni majira ya kuchipua, nayo ni majira ya furaha.

Kwetu siku hizo hizo ni masika. Kwa Wakikuyu wa Thogoto pia ni mvua kubwa, nao huiita mvua ya njahi, yaani fiwi nyeusi. Nasi twaona miti ikichipua, lakini masika yetu yana nyuso mbili. Nje ni kijani kitupu, ndani chungu ni kitupu vilevile. Chakula cha vuli kimekwisha ghalani, na mahindi ya masika hayajabeba. Mito Zigi na Mkulumuzi imejaa. Njia ya kupanda Amani ni utelezi. Mbu wamezidi, na homa imeingia nyumbani. Basi Mzungu akiisha maliza shida yake hutoka nje kumtembelea jirani. Sisi shida yetu ndiyo kwanza yaanza, na kila mtu hujifungia kwake. Masika ndiyo majira ambayo twahitajiana zaidi, na ndiyo majira ambayo twaonana kidogo zaidi.

Wapresbiteri waliitambua shida ya namna hiyo zamani sana, wakaifanyia dawa. Dawa yenyewe ni hodi ya mzee.

Katika Uskoti ya kale hawakula Chakula cha Bwana kila Jumapili, bali mara chache tu kwa mwaka. Kabla ya siku hiyo wazee waligawana nyumba zote za usharika. Kila mzee alikuwa na nyumba zake, naye aliwajibika kuwafahamu watu wake na mwenendo wao. Aliyeonekana yu tayari alipewa kipande kidogo cha madini, mara nyingi cha risasi, mfano wa sarafu, akionyeshe siku ya Chakula cha Bwana. Baadaye vile vipande vikaachwa, zikaja kadi za karatasi, na mzee akawa akizipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Fikirini jambo hilo. Kadi ile ni karatasi tu, lakini ilimlazimisha mzee kuingia ndani ya kila nyumba. Akiingia aliona. Aliona mgonjwa, aliona moto usiowashwa, aliona mume na mke wasiosemezana. Na katika milima ya Uskoti sikukuu ya Chakula cha Bwana ilikuwa ya siku tano, tangu Alhamisi hata Jumatatu. Watu wa sharika za jirani walikuja kwa miguu, nao walilazwa na kulishwa katika nyumba za wenyeji.

Desturi ya kugawana nyumba ilivuka bahari. Mpaka leo Wapresbiteri wa Kenya hugawanya usharika katika mitaa, na kila mtaa una wazee wake. Watu wa mtaa husali pamoja nyumbani kwa zamu. Akina mama wao wana chama chao, kilichoanza Kenya mwaka 1922, nacho hufanya kazi kubwa ya kuwatazama wagonjwa na wafiwa. Mtu akiumwa, swali la kwanza si "Je, kuna anayejua?" Swali ni "Mzee wa mtaa wake ni nani?" Naye ana jina, na ana mlango wa kugongwa.

Nisiwafiche upande wa pili. Katika Uskoti ya zamani mabaraza ya wazee yaligeuka mara nyingi kuwa mahakama. Waliotenda dhambi walikalishwa juu ya kiti cha toba mbele ya usharika wote, Jumapili baada ya Jumapili, na watu walimwogopa mzee kama askari. Mzee anayekuja kuchungulia si mzee anayekuja kutunza. Wenye hekima kati ya Wapresbiteri wenyewe waliliona hilo, na kiti kile kikaachwa. Nasi tukijifunza kwao, tuchukue ile hodi, tuache kile kiti.

Pengine mwingine atasema, "Lakini hao si Wakatoliki. Tuna haja gani na desturi zao?" Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ulitufundisha kuyatambua kwa furaha mema yaliyomo kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Na tarehe 31 Mei 1982 Papa Yohane Paulo II alipofika Edinburgh, Moderata wa Kanisa la Uskoti alimpokea karibu na sanamu ya John Knox, ambaye alikuwa adui mkubwa wa Papa katika siku zake. Ikiwa hao wawili waliweza kushikana mikono mahali pale, sisi hatutadhurika kwa kujifunza namna ya kubisha hodi.

Tena jambo hili si geni kwetu. Someni Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa Wakristo waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuhubiri tu kwamba watu wapendane. Walitaka wachaguliwe watu saba, wakawawekea mikono, wakawapa kazi ile. Majina yao yameandikwa, tangu Stefano hata Nikolao. Upendo ulipewa watu wenye majina, na kazi ikaenda.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki nao walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya Kanisa. Kila kijiji chetu sasa kina jumuiya yake, yenye msimamizi na mtakatifu wake. Nyumba tunazo, watu tunao. Basi twapungukiwa nini?

Mimi ni karani, na kazi yangu ni vitabu. Daftari la jumuiya huniambia nani alikuja sala na nani alitoa zaka. Halinielezi kwa nini mtu hakuja. Aprili na Mei majina hupungua, na sisi husema, "Ni mvua, watarudi." Wengi hurudi kweli. Lakini sikilizeni mazungumzo haya, mniambie kama hamjapata kuyasikia katika kijiji chenu.

"Bibi wa kule bondeni sikumwona juma la tatu sasa."

"Nasikia anaumwa."

"Nani amekwenda kumtazama?"

"Nadhani wale wa kwaya walikwenda."

Ukiwauliza wa kwaya, nao watakuambia walidhani wamekwenda akina mama. Akina mama walidhani amekwenda katekista. Katekista ana vigango vinne na mto umejaa. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna mwenye roho mbaya. Kila mmoja alidhani. Huku bibi yule amelala peke yake, paa lavuja juu ya kitanda, na shamba lake dogo limefunikwa na magugu. Wahenga walisema kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa begani pa mwingine hauna uzito.

Na shamba lile ni habari kubwa kuliko tunavyofikiri. Mahindi yasiyopaliliwa mwezi wa Aprili hayangoji mtu apone. Mgonjwa aweza kuinuka mwezi wa Mei akiwa mzima kabisa, lakini njaa yake ya Agosti imekwisha pandwa. Chakula cha msaada tutakachompelekea wakati huo ni chema, lakini siku mbili za jembe za Aprili zingemfaa zaidi, tena zingemwachia heshima yake.

Basi nawaletea shauri, nanyi mlipime katika jumuiya zenu.

La kwanza, andikeni nyumba, msiandike waliohudhuria tu. Andikeni kila nyumba, hata ya yule ambaye haji sala kwa sababu ya ugomvi wa zamani au ya ndoa isiyotengenezwa. Hao ndio ambao hakuna anayewabishia hodi.

La pili, gawaneni. Nyumba tano kwa mtu mmoja zatosha. Awe baba au mama, awe mtu mzima anayeweza kunyamaza. Asiyeweza kufunga kinywa asipewe kazi hii, maana ataitia jumuiya nzima aibu. Majina yasomwe mbele ya wote, ili kila mtu ajue nani ni wake, na yeye ni wa nani.

La tatu, kila juma la masika apite kila nyumba mara moja. Asikae sana wala asiulize ya faraghani. Aseme hodi, aketi kidogo, atazame paa, atazame chungu, asali Baba Yetu, aende zake. Simu ni kitu chema na ujumbe wake hufika upesi, lakini simu haioni paa linalovuja. Mgonjwa mwenye haya atajibu, "Sijambo," na simu itaamini.

La nne, aliyoyaona ayalete kwa msimamizi, na jumuiya ipange siku ya jembe. Wapare wana msaragambo wao, na kila kabila la mkoa wetu lajua kazi ya pamoja. Watu kumi wakifika asubuhi, ekari moja yapaliliwa kabla jua halijawa kali. Ile ni sala ya jumuiya ya juma hilo. Someni Injili pale pale kwenye ncha ya shamba, kisha kamateni majembe.

La tano, msisimame kwenye mpaka wa dini. Vijijini kwetu mlango wa pili mara nyingi ni wa Mwislamu, nao wamekwisha tuzika na kutusaidia mara nyingi. Anayepita na hodi yake asiruke nyumba. Hakwenda kuhubiri, amekwenda kujua hali.

Hayo yote hayahitaji fedha, wala hayamngoji padre avuke mto. Padre akifika ataleta sakramenti, na hiyo ni kazi yake isiyo na badala. Lakini kujua kwamba jirani yangu hajawasha moto tangu jana si kazi ya padre. Ni kazi yangu mimi ninayeuona mlango wake kila niendapo kisimani.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukilikunja gazeti hili, hesabu nyumba tano zilizo karibu nawe. Jiulize katika kila moja: mara ya mwisho niliingia lini? Iko nyumba ambayo hutakumbuka. Mvua ikipunguka kidogo, chukua mwavuli au jani la mgomba, uanze na hiyo.

Mungu awabariki, na mvua iwe ya heri. Tuonane juma lijalo.