Namba ya mtihani haitoshi

Mwandishi aliyedai kwamba vyuo vikuu vya Kenya havihitaji ofisi ya kushughulikia ubaguzi, eti kwa kuwa karatasi ya mtihani huandikwa namba wala si jina, amesahau miezi yote inayoutangulia mtihani huo. Utafiti husimamiwa ana kwa ana, na msimamizi analijua jina la mwanafunzi, kwao na hata lafudhi yake. Na yule wa kiti cha magurudumu, muhadhara ukipangwa ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu, namba itampandisha ngazi?

Anasema pia kwamba sheria ipo. Ipo kweli. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kabila, ulemavu, ujauzito, hata mavazi. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inazitaka taasisi za umma zisiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Lakini ibara haipokei malalamiko. Msichana aliyeambiwa na mhadhiri kwamba mimba na maabara havipatani atamweleza nani? Mkuu wa idara, anayekunywa chai na mhadhiri huyohuyo?

Anahitaji mtu asiyewajibika kwa idara hiyo, siri yake ilindwe, kazi zake zisahihishwe na mwingine shauri likiendelea, na jibu lipatikane kabla muhula haujaisha.

Mwandishi anahofia malalamiko ya uongo. Haya, yachunguzwe. Ndiyo kazi ya ofisi asiyoitaka.