Mtu mzima mwenye usonji naye huugua

Usonji ukitajwa, wengi humfikiria mtoto. Mtoto huyo hukua. Akifika miaka thelathini ataumwa jino, atapanda presha, na atalazimika kwenda hospitali ambayo haikumfikiria kabisa ilipopangwa.

Mwaka 2022 jarida la BMJ Open lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dk. Mary Doherty, daktari wa usingizi wa Ireland ambaye mwenyewe ana usonji. Walihojiwa watu wazima 507 wenye usonji na 157 wasio nao. Katika kila wenye usonji kumi, wanane walisema hupata shida kumwona daktari wa familia. Kwa wenzao hawakufika wanne. Asilimia 62 ya wenye usonji walisema simu ya kuomba miadi huwapa shida. Nusu walitaja chumba cha kusubiria. Na sababu iliyoongoza, kwa asilimia 72, ni kutojua kama dalili walizonazo zinatosha kumwendea daktari.

Sababu hiyo ndiyo ya kuogopesha. Mwili wa mtu mwenye usonji unaweza kuchelewa kumpa taarifa, na maumivu makali yasionekane usoni. Anaulizwa, “Kati ya moja hadi kumi, unaumwa kiasi gani?” Naye anaanza kupima kwa dhati: kumi ni maumivu gani hasa? Huku taa zinamchoma macho, kipaza sauti kinaita namba, watoto wanalia. Mwishowe anajibu “tatu” kwa sauti tulivu, anarudishwa kwenye benchi. Kumbe kidole tumbo kiko karibu kupasuka.

Kutosikilizwa kunaua. Oliver McGowan, kijana Mwingereza mwenye usonji na kifafa, alilazwa Bristol mwaka 2016. Yeye na wazazi wake waliwaeleza madaktari kwamba dawa za kutuliza magonjwa ya akili zilishamdhuru, asipewe tena. Akapewa. Ubongo ukavimba, akafariki Novemba mwaka huo akiwa na miaka 18. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2020 ulisema huenda kifo hicho kingeepukika. Mama yake, Paula, hakunyamaza, na sheria ya afya ya mwaka 2022 ikawataka watoa huduma wa Uingereza wahakikishe wafanyakazi wao wanafunzwa kuhusu usonji na ulemavu wa akili. Mafunzo hayo yana jina la Oliver.

Ni aibu kwamba ilibidi kijana afe kwanza.

Waingereza wana pia kijitabu cha mgonjwa mwenye usonji, anachokwenda nacho hospitali kama mama mjamzito anavyokwenda na kadi ya kliniki. Humo ameandika jinsi anavyoonyesha maumivu, dawa zilizomdhuru, kama anavumilia kuguswa, na nani aitwe akishindwa kusema.

Kwetu, ambako wagonjwa wengi bado hubeba daftari la kuandikiwa na daktari, jambo hili halihitaji bajeti. Ukurasa wa kwanza wa daftari unatosha. Waganga wafawidhi waelekeze wauguzi wa mapokezi wamuulize mgonjwa au ndugu yake mambo hayo manne, wayaandike, kisha wamruhusu asubirie nje penye utulivu, aitwe kwa mkono zamu yake ikifika. Na daktari ausome ukurasa huo kabla ya kuandika dawa.