Tusikilize mwenye kusema "bado"



Wengi wanasema kama fuze ya Marekani, Challenger, ilipotea juu ya bahati mbaya. Mimi nakataa. Tarehe 28 januari 1986 ilivunjika angani kisha sekunde 73 tu. Watu 7 wakakufa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Lakini wakubwa walikuwa wamekwisha kuonywa.

Tuangalie kazi yenyewe. Pembeni ya Challenger kulikuwa fuze mbili za baruti ngumu. Baruti ile ikisha kuwaka, haizimwi tena mpaka iishe. Kila fuze ilikuwa ya vipande, na katika kila kiungo pete mbili za mpira za kuzuia moto usitoke. Mpira ukipata baridi unakuwa mgumu, haufungi tena mbio. Asubuhi ile ilikuwa digri 2 paka.

Usiku wa mbele yake, Roger Boisjoly na wainjeniere wenzake wa kompani Morton Thiokol walisema: bado, tungojee joto. Njo pale naona kosa. Waliombwa wahakikishe kama fuze itaharibika. Hakuna aliyeombwa ahakikishe kama itafika. Pete zilikwisha kuungua kidogo katika safari zingine, lakini juu watu walirudi wazima, wakubwa wakazoea.

Kisha viungo vikatengenezwa upya: pete ya tatu, mdomo wa chuma wa kushika kiungo kisifunguke, na vyombo vya kukipasha moto. Kazi ile iliongozwa na Allan McDonald, yeye aliyekataa kutia sahihi usiku ule. Tarehe 29 septemba 1988 Discovery ikaruka na watu 5. Toka pale mpaka 2011 zikaruka safari 110, na hakuna kiungo hata kimoja kilichopasuka.

Basi, yote yakaisha? Hapana. Katika mwaka 2003 Columbia ikapotea na watu 7. Kipande cha povu gumu kilianguka toka tangi kikapiga bawa. Povu lilizoea kuanguka, na watu walizoea kuliona. Wainjeniere waliomba picha za bawa, wakakataliwa. Chuma kilitengenezwa, masikio yakabaki yale yale.

Wengine watasema: tukisikiliza kila mwoga, hakuna kitakachoruka. Mimi najibu: tumuulize sababu yake, tusimpime uhodari. Kungojea joto ni kazi ya siku chache. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la 6