Mali Bila Daftari

Mwaka 1895 posta ya Zanzibar ilichukua stempu za India na kuzipiga chapa jina letu. Nyingine zilitoka kimakosa, "Zanzidar". Leo wakusanyaji hulipa zaidi kwa karatasi iliyokosea jina letu kuliko ile iliyolipatia.

Sigombani na bei kupanda. Nagombana na wanaosema thamani hujipandia tu sokoni. Kuna anayeandika katalogi, anayethibitisha kuwa stempu si ya bandia, na anayenadi. Wengi wao wako mbali na Unguja.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, na utotoni akikusanya stempu. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1993 albamu yake iliuzwa mnadani. Sasa imo katika makumbusho ya posta, London. Stempu ni zile zile. Kilichozipandisha ni habari za mwenyewe, na kuna waliozitunza.

Na sisi? Katika duka moja la Mji Mkongwe nimeziona stempu zilizogongwa neno "Jamhuri" baada ya Mapinduzi ya 1964, zimechanganywa bakulini na nyingine, zote bei moja. Mgeni anayejua huchagua, hulipa, huondoka.

Wenzangu tunaosomea shahada za uzamili, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi tulifungue daftari: tuingie kwenye makabati ya bibi zetu, tuandike barua ilitoka wapi, ilimwendea nani, mwaka gani. Halafu ndipo tuzungumze bei.